Vifuko vya utumbo mpana vinapovimba: yaliyonipata na niliyojifunza

Maumivu yalianza Alhamisi jioni nikiwa jikoni, na kwa siku mbili nzima niliyaita gesi. Yalikuwa chini ya tumbo upande wa kushoto, kiasi cha vidole vinne juu ya kinena, na hayakuwa makali ya kunikunja. Yalikuwa mazito na ya kudumu. Gesi huja na kuondoka, huhama kutoka ubavu huu hadi ule, na mtu akienda haja hupata nafuu; haya hayakuhama hata kidogo. Nilipokohoa yalichoma palepale. Ijumaa asubuhi, daladala ilipopita juu ya tuta, nilijikuta nimeshika tumbo kwa mikono miwili, na abiria wa pembeni akaniuliza kama ni salama.

Nilikuwa na dalili nyingine ambazo kila moja nilikuwa nimeitafutia sababu yake. Sikuwa nimepata choo kwa siku mbili, nikasema ni ugali wa sembe. Chakula kilinikinai, nikasema ni uchovu wa kufunga hesabu za mwezi. Usiku nilisikia baridi nikajifunika blanketi, katika Dar es Salaam ya mwezi Februari, na hilo peke yake lilipaswa kuniamsha. Nina umri wa miaka 56, kazi yangu ya uhasibu ni ya kukaa kutwa, na sijawahi kulazwa isipokuwa kwa uzazi. Mtu wa namna hiyo hupata tabu kuamini kwamba anaumwa.

Jumamosi nilikwenda duka la dawa la mtaani. Niliulizwa maswali mawili, nikapewa vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu na vingine vya kutibu taifodi, bila kupimwa kitu chochote. Silitaji duka hilo kwa kulilaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikwenda kutafuta jibu la haraka na jibu la haraka ndilo nililopewa. Nalitaja kwa sababu diklofenaki, kama ibuprofeni na ndugu zake wote, ni dawa ambazo mtu mwenye ugonjwa niliokuwa nao anashauriwa aziepuke, kwani zinahusishwa na hatari kubwa zaidi ya utumbo kutoboka. Tena nilikuwa nimekwisha kuzimeza kwa karibu mwaka mzima, mara tatu au nne kwa wiki, kwa ajili ya goti. Sikujua kwamba dawa ya goti ina habari yoyote na tumbo la chini.

Jumapili binti yangu alinipeleka hospitali. Daktari aliyenipokea alikuwa kijana wa umri wa mwanangu mkubwa. Alinisalimu shikamoo, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mama, kabla sijakugusa, naomba uweke kidole kimoja tu pale panapouma kuliko pengine pote.” Niliweka kidole bila kusita. Aliniambia baadaye kwamba mgonjwa anayeweza kuonyesha mahali kwa kidole kimoja humsaidia zaidi kuliko anayepitisha kiganja tumbo zima. Alibonyeza taratibu kuanzia kulia, mbali na maumivu, akasogea kidogo kidogo hadi pale, akaachia ghafla na kunitazama usoni. Paliuma, lakini tumbo langu kwingine kote lilikuwa laini, nalo likiwa laini ni habari njema. Tumbo lililokakamaa kama ubao ni jambo la chumba cha upasuaji.

Joto lilikuwa nyuzi 37.9. Vipimo vya damu vilionyesha chembe nyeupe zimepanda kiasi. Mkojo ulipimwa ili kuondoa uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo, na choo kikapimwa amiba. Ndipo nikapelekwa kwenye kipimo cha CT, yaani picha za mionzi za ndani ya mwili, ambacho katika ugonjwa huu ndicho kinachoaminika zaidi, kwani huonyesha ukuta wa utumbo, mafuta yanayouzunguka, na kama kuna usaha au hewa iliyovujia nje. Altrasaundi nayo hufaa ikiwa iko mikononi mwa mtu mwenye uzoefu. Kwa tumbo la chini kushoto, mambo yanayofanana ni mengi: jiwe la figo, uvimbe wa ovari, mimba iliyotunga nje ya kizazi kwa mwanamke ambaye bado yumo katika umri wa kuzaa, kufunga choo kwa kawaida, na hata saratani ya utumbo mpana. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hakuna anayeweza kuutambua ugonjwa huu kwa uhakika akiwa amekaa sebuleni, mara ya kwanza hasa. Anachoweza kufanya ni kutambua kwamba maumivu yake yanastahili kupimwa: yamekaa mahali pamoja, hayajaachia kwa zaidi ya siku moja, yameambatana na homa hata ya chini, na choo kimebadilika, ama kufunga ama kuharisha.

Jina la ugonjwa ni divatikulitisi. Daktari aligeuza karatasi ya maabara akachora bomba, akaniuliza kama nimewahi kuona tairi la baiskeli lililochakaa, ambalo tyubu ya ndani hujitokeza kwa kichuguu mahali ambapo mpira wa nje umedhoofika. Ukuta wa utumbo mpana una misuli, na katika misuli hiyo mna sehemu ambapo mishipa ya damu hupenya kuingia ndani. Hapo ndipo palipo dhaifu. Kwa miaka mingi, msukumo wa ndani unaweza kuusukuma utando wa ndani utokeze kupitia sehemu hizo, ukawa vifuko vidogo, vingi vikiwa na ukubwa wa punje ya choroko au kunde. Kuwa na vifuko hivyo tu huitwa divatikulosisi, na walio wengi huishi navyo hadi kufa bila kuvijua. Kifuko kikipata mchochota, yaani kikavimba, kikapata joto na kuuma, ndipo jina hugeuka kuwa divatikulitisi. Katika nchi za Magharibi karibu nusu ya watu waliopita miaka 60 wana vifuko, ilhali wale wanaowahi kuugua mchochota wake ni wachache sana kati yao, chini ya 5 katika kila 100 kwa makadirio ya karibuni.

Huko, na kwangu mimi, vifuko hukaa zaidi katika kipande cha mwisho cha utumbo mpana kilicho upande wa kushoto, kile kilichojipinda kabla ya kufika kwenye rektamu, yaani sehemu ya mwisho inayoelekea njia ya haja kubwa. Miongoni mwa watu wa Asia ya Mashariki hutokea zaidi upande wa kulia, na huko huweza kudhaniwa kuwa kidole tumbo.

Niliuliza kwa nini sijawahi kuusikia ugonjwa huu kwetu. Daktari alitabasamu, akaniambia kwamba nadharia mashuhuri kuliko zote kuuhusu ilitokana na Afrika Mashariki yetu hii. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi, hospitali ya Mulago ikiwemo, na akashangaa kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza hakuyaona kwa wagonjwa wake wa Uganda. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Neil Painter waliandika kwamba vifuko hivi ni ugonjwa wa upungufu, na kinachopungua ni nyuzinyuzi za chakula. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba hadithi si nyepesi kiasi hicho. Urithi una sehemu kubwa, na kuna watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi ambao bado hukutwa na vifuko. Hata hivyo, kuhusu vifuko kuvimba, ushahidi bado uko upande wa Burkitt: katika kundi la watu zaidi ya 47,000 lililofuatiliwa England na Scotland, matokeo yakachapishwa mwaka 2011, wasiokula nyama walikuwa na hatari ya kulazwa au kufa kwa ugonjwa wa vifuko iliyo pungufu kwa asilimia 31. Mengine yanayoongeza hatari ni uvutaji wa sigara, unene, kukaa bila kufanya mazoezi, nyama nyekundu kwa wingi, na dawa zile zile za maumivu nilizokuwa nikimeza kwa ajili ya goti. Nilipohesabu, ukiondoa sigara, yote yalikuwa yangu. Nilikula sembe nyeupe nyumbani, chipsi kazini, na nyama choma kila mwisho wa wiki. Wagonjwa wa Burkitt hawakuwa wakila hivyo.

CT ilionyesha ukuta ulionenepa katika kipande kifupi cha utumbo, na mafuta ya pembeni yamechafuka kwa mchochota. Hapakuwa na usaha, wala hewa iliyotoka nje, wala kuziba. Hiyo ndiyo maana ya neno “hafifu” au “isiyo na matatizo” katika ugonjwa huu. Daktari akaniambia nirudi nyumbani, na hakuniandikia antibiotiki.

Hapo ndipo ugomvi wa familia ulipoanzia. Wifi yangu, ambaye alikuja jioni na chungu cha uji wa pilipili manga, hakuamini. “Wifi, hospitali gani hiyo inamrudisha mtu na homa yake bila dawa?” Nami moyoni niliuliza vivyo hivyo. Kwa hiyo nilimpigia daktari simu kesho yake, na maelezo yake nayaandika hapa kwa urefu kwa sababu ndiyo niliyoyahitaji kuliko yote.

Kwa miongo mingi kila mgonjwa wa divatikulitisi alipewa antibiotiki, kwa dhana kwamba kifuko kilichovimba ni lazima kiwe na maambukizi. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Sweden na Iceland kwa wagonjwa 623 wa aina hafifu, waliogawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa antibiotiki, nusu wakapewa maji ya mshipani tu. Waliopewa dawa hawakupona mapema zaidi, wala hawakuepuka matatizo au ugonjwa kurudi kuliko wenzao. Uholanzi ikafanya jaribio lake kwa wagonjwa 528, na mwaka 2017 likatoa jibu linalofanana. Ndiyo maana miongozo ya nchi nyingi sasa husema antibiotiki zitumike kwa kuchagua. Mtu mzima asiye na maradhi mengine makubwa, ambaye CT yake haina usaha wala hewa, anayeweza kunywa bila kutapika, na ambaye ana mtu wa kumwangalia nyumbani, anaweza kuachwa mwili wake ufanye kazi yenyewe.

Wapo ambao hawaingii katika kundi hilo, na kwao dawa si suala la mjadala. Mjamzito, mtu ambaye kinga yake imeshuka, iwe kwa virusi vya UKIMWI visivyodhibitiwa, kwa dawa za saratani, kwa figo ya kupandikizwa, au kwa kutumia prednisoloni, dawa ya kupunguza mchochota, kwa muda mrefu, mzee aliyedhoofika au mwenye maradhi mengine mazito, anayetapika, ambaye vipimo vya damu vimepanda sana, ambaye picha imeonyesha majimaji yaliyojikusanya. Wanaotumia prednisoloni wana hatari ya ziada, kwa kuwa dawa hiyo huficha maumivu na homa, mtu akaonekana ana nafuu kumbe utumbo unatoboka.

Basi nilirudi kwenye kitanda changu nikiwa na daftari la shule la kurasa 48, ambalo binti yangu alilichorea safu tatu: saa, joto, na maumivu kwa alama kati ya 0 na 10. Tulijaza kila baada ya saa sita. Nashauri mtu yeyote afanye hivyo, maana usiku wa manane mgonjwa huamini kwamba amezidiwa, na asubuhi huamini kwamba amepona, na mara zote mbili anakosea.

Siku mbili za kwanza sikula. Nilikunywa maji, chai ya rangi yenye sukari, maji ya dafu, na supu ya kuku iliyochujwa kwa kitambaa hadi ikawa nyepesi, mafuta yake yameenguliwa. Kusudi ni kuupunguzia utumbo kazi huku mtu asikauke maji. Kwa maumivu nilimeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, na kamwe si zaidi ya mara nne kwa siku. Uji wa pilipili manga ulinywewa na mume wangu.

Mstari wa Jumapili usiku unasomeka 38.0 na maumivu 6. Jumatatu usiku 37.6 na 5. Jumanne mchana 37.1 na 3, na jioni ile nikasikia njaa kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Daktari alikuwa ameniambia kwamba kipimo chake ni siku mbili hadi tatu: kama baada ya hapo hakuna nafuu inayoonekana, nirudi, hata kama hali haijawa mbaya zaidi. Jumatano nilianza uji mwepesi wa mchele, kisha viazi mbatata vya kuponda, ndizi mbivu, yai la kuchemsha na wali laini. Chakula cha namna hii, chenye nyuzinyuzi chache, ni cha siku chache tu za mpito. Niliona watu wakikosea hapa, mmoja wao jirani yangu mwenyewe, aliyekaa miezi akila wali mweupe na mkate laini kwa kuogopa maharage.

Kuna mambo ambayo yangenipeleka hospitali saa ile ile bila kungoja siku ya tatu, na nayataja yote: maumivu kusambaa tumbo zima au tumbo kuwa gumu, homa kupanda na kutetemeka, kutapika hata maji, kushindwa kupitisha choo wala ushuzi huku tumbo likijaa, damu nyingi katika choo, na, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla, mkojo kutoka na mapovu ya hewa au uchafu wenye harufu ya choo, dalili ya kwamba utumbo na kibofu vimetoboleana. Mume wangu aliyaandika kwa kalamu nyekundu akabandika karatasi mlangoni mwa kabati. Nafurahi kwamba tulifanya hivyo kabla ya usiku wa hofu, maana mtu aliyeshikwa na hofu hakumbuki orodha.

Baada ya wiki mbili nilikuwa kazini. Maumivu madogo yaliendelea kuja na kwenda kwa karibu mwezi mzima bila homa, jambo ambalo daktari alisema hutokea kwa wengi na si lazima liwe dalili ya ugonjwa kurudi. Wiki ya nane nilifanyiwa kolonoskopia, kipimo cha kuutazama utumbo mpana kwa kamera ndogo inayopitishwa njia ya haja kubwa. Haifanywi wakati utumbo umevimba kwa kuhofia kuutoboa, lakini baada ya wiki sita hadi nane inapendekezwa kwa mtu ambaye hajaifanya karibuni, kwa sababu saratani inaweza kujificha nyuma ya picha ile ile ya ukuta ulionenepa. Dawa ya kusafisha tumbo siku moja kabla ndiyo ngumu kuliko kipimo chenyewe. Nilikutwa na vifuko kadhaa upande wa kushoto na hakuna kingine. Nililia kidogo ndani ya gari, kwa nafuu.

Kuhusu chakula cha sasa nina mengi ya kusema, kwa sababu ndiko nilikokuta makosa mengi. Wifi yangu alinipiga marufuku karanga, ufuta, bisi, nyanya na mapera, akisema kwamba mbegu zitaingia katika vifuko na kukwama. Si yeye peke yake, madaktari nao walifundisha hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2008 yalichapishwa Marekani matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,228 kwa miaka 18, na waliokula karanga, bisi na mbegu kwa wingi hawakuugua zaidi. Waliokula bisi na jamii ya karanga mara nyingi waliugua kidogo kuliko wasiokula. Nilimsomea wifi matokeo hayo, na Ijumaa iliyofuata akaniletea mapera ya Morogoro. Gramu 100 za pera zina karibu gramu 5 za nyuzinyuzi, kiasi ambacho mkate mweupe hauwezi kukikaribia.

Lengo langu ni gramu 25 hadi 30 kwa siku, na sikulifikia kwa siku moja. Anayeruka kutoka sembe hadi maharage kwa wingi ndani ya wiki atavimbiwa na kuacha. Nilianza kwa kubadilisha unga tu, nikarudi kwenye dona niliyolelewa nayo, mwezi mzima. Kisha nikaongeza kikombe cha maharage au kunde siku tatu za wiki, halafu matembele na kisamvu, halafu muhogo na viazi vitamu mahali pa mkate wa asubuhi. Maji lazima yaongezeke sambamba, la sivyo nyuzinyuzi hukausha choo. Nyama nyekundu sasa ni mara moja kwa wiki. Natembea dakika 30 kila jioni kutoka kituo cha mbele cha daladala, na goti, baada ya mazoezi ya fiziotherapia, halinihitaji tena nimeze diklofenaki.

Ugonjwa unaweza kurudi. Kwa takriban mtu mmoja kati ya watano hurudi ndani ya miaka kumi, na kinyume na nilivyoogopa, hatari ya utumbo kutoboka ni kubwa zaidi katika shambulio la kwanza kuliko yanayofuata. Kwa hiyo upasuaji wa kukata kipande cha utumbo siku hizi haupangwi kwa kuhesabu mashambulio. Hujadiliwa kati ya mgonjwa na daktari kwa kuangalia maisha yake yameathirika kiasi gani.

Mwezi uliopita mwenzangu wa ofisini alishika ubavu wa kushoto akasema yaleyale niliyosema mimi: gesi. Nilimwomba aweke kidole kimoja panapouma zaidi. Hakuweza, maumivu yalimshuka kutoka mgongoni hadi kinenani, yakija kwa mawimbi, na hakuweza kutulia kwenye kiti. Sikumwambia ana ugonjwa gani. Nilimtafutia bajaji, nikamwambia asinunue kitu njiani, na alipimwa siku hiyohiyo akakutwa na jiwe la figo.